Pijo Iliyokaa Eda

Shamsudin alifariki akiwa ameshaibandua Pijo yake, gari kuukuu, rangi yote. Miezi mizima alikuwa uani, akikwangua rangi kwa msasa, akinyoosha mabonde kwa nyundo ya mpira, mpaka bodi ikabaki bati tupu linalong'aa. Kilichofuata kilikuwa kuipaka praima, rangi ya chini ya kuzuia kutu. Kesho yake moyo ukasimama.

Mkewe Wahida akaingia eda. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Lakini upepo wa bahari hapo Bagamoyo haujui eda. Ukawa unaruka ukuta na chumvi yake, hata asubuhi moja Wahida akaona wekundu umeanza kuota kwenye boneti. Akajua kwamba akingoja mpaka atoke eda, jasho lote la mumewe litakuwa limeliwa na kutu.

Shemeji yake Mikidadi, mdogo wa marehemu, alishauri gari livutwe kwa fundi wa Zinga. Wahida akakataa. Shamsudin alikuwa ameapa kwamba hakuna fundi wa kuigusa bodi ile, na yeye hakuwa tayari kumvunjia kiapo angali na nguo za eda mwilini. Akamtuma Mikidadi praima, thina ya kuichanganyia na msasa. Huku nyuma akafanya kile ambacho angekifanyia kitu chochote kinachopigwa na chumvi: akalipaka gari mafuta ya nazi, kuanzia boneti hadi buti.

Mikidadi alipofika na makopo yake, alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango wa uani, mgongo kauelekeza huko waliko wanawake. Akanusa.

"Shemeji, leo mnapika wali wa nazi?"

Aliyejibu ni mama mkwe wa Wahida, Bi Miza, aliyehamia hapo tangu msiba. "Kapaka gari."

Mikidadi alicheka mpaka akapaliwa. Praima haishiki penye mafuta, akasema. Yote yaoshwe kwa thina, kisha bodi ipigwe msasa upya. "Umempaka mke mwenzio kama kitoto kilichotoka kuogeshwa."

Mke mwenza lilikuwa neno la Wahida mwenyewe. Kila mumewe alipochelewa chakula kwa ajili ya gari hilo, alikuwa akimwambia akale huko huko kwa mke mwenza. Kusikia hivyo kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu mazishi. Akashtuka, akamtazama mama mkwe. Bi Miza alikuwa anakamua kitambaa cha thina kama vile hakusikia kitu.

Wakaosha, wakasugua. Mikidadi akawa anafundisha kwa kusikiliza mlio, akiuliza kama huko wanakwangua bodi au ukoko wa sufuria. Bi Miza akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe hajapata kushika msasa, na ufundi wake wote kaupata kwa kunywa kahawa kwenye gereji za watu.

Ilipofika zamu ya praima, mkono wa Wahida ukasita juu ya kopo. Akauliza kwa sauti majirani watasemaje. Mjane yumo eda, anapaka rangi?

Mikidadi hakuiacha nafasi ile ipite. "Na huyo mwenzio naye yumo eda. Kupambwa hakufai."

"Huyo hakuolewa," Bi Miza akasema. "Fungua kopo."

Praima ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni, na kwa ile harufu yake hakuna ambaye angeidhania manukato. Mama mkwe akashika burashi upande mmoja, mkwe upande wa pili. Alasiri ilipoadhiniwa, hapakuwa na bati lililobaki wazi.

Wanawake wakaingia chumbani, Mikidadi akaruhusiwa kwenda kutazama. Alizunguka gari mara kadhaa. Mwishowe akauliza kupitia dirisha la chumbani ni lini aende akanunue ile rangi ya bluu.

"Bluu ya nani?" akauliza Bi Miza. Shamsudin alimwambia nyeupe, kama gari la baba yake.

Mikidadi akaapa ni bluu. Aliambiwa kwa kinywa cha kaka yake.

Wahida alikuwa anajua ni kijani. Aliambiwa hapo hapo chumbani, siku aliponuna kwa ajili ya gari. Akawasikiliza wakibishana, kila mmoja na ushahidi wake, na polepole akamwona mumewe vizuri: alimwambia kila mtu rangi aipendayo mtu mwenyewe, akaenda zake kukwangua.

"Endeleeni kubishana," akasema. "Bodi haiozi tena."