Maksai Hajafika Kigingini

Pangaboi lilikuwa limetulia juu ya vichwa vyetu, na hiyo ni Lodwar, saa nane mchana. Umeme ulikuwapo. Swichi ilikuwa ukutani, karibu na bega la Adome, naye alitokwa jasho kama aliyebeba gunia. Mkewe, Namuar, ndiye aliyenipigia simu Kakuma. Tangu ajali ya kiwandani, alisema, mumewe hagusi swichi yoyote. Kazi amezikimbia, na sasa hata chakula kinamshinda.

Kiwanda chetu cha Kakuma kilisaga maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, kuwa chakula cha mifugo. Maganda yale yana utomvu unaonata, kwa hiyo mashine ilikabwa kila mara. Ikikabwa, Adome anaizima kule ukutani, mimi natia mkono kooni mwake kuitapisha. Magunia yalituzuia kuonana, ndipo nikawa naimba. Sisi Wadinka huwaimbia maksai wetu, na wimbo wa maksai wa baba huisha anapofungwa kigingini jioni. Wimbo ukiendelea, mkono uko ndani. Maksai akifungwa, Adome anawasha. Alinitania kwamba ng'ombe wa kwetu ni wavivu, hawatembei mpaka waimbiwe, lakini aliusikiliza wimbo ule hadi mwisho kila siku.

Kisha akaja meneja mpya na mambo ya kisasa: mabango ya usalama, kofia, na vizibo vya masikio, lazima kwa kila mtu. Hakuna aliyetuuliza tulikuwa tukilindana vipi, na sisi wenyewe hatukufikiri. Asubuhi ileile mashine ikakabwa. Nilikuwa kwenye ubeti wa mwisho, maksai akikaribia zizi. Adome hakusikia kitu, na kwake kimya kilimaanisha nimetoka.

Tangu hapo wimbo hunijia bila kuitwa, na hukatikia palepale. Maksai anatembea tu, hafiki. Mkono wa kulia, ambao sina, huniwasha nikilala. Nilimchukia Adome mwaka mzima. Halafu chuki ikachoka, nikabaki na upweke, maana hakuna mwingine Kakuma nzima aliyeujua wimbo ule.

"Mimi nasikia hiyo wimbo," Adome aliniambia, macho chini. "Kila siku. Inakatika."

"Hata kwangu," nikasema. "Inakatika hapo hapo."

Nikasimama, nikampa mgongo ili tusionane, kama zamani. Nikaanza. Nilipofika mahali pale sauti iligoma, na Namuar akaacha alichokuwa akifanya, akasimama mlangoni. Niliogopa kweli. Nikaendelea. Maksai akaingia zizini, akainamisha pembe, akafungwa. Nikanyamaza.

Kisha nikasikia swichi. Pangaboi likalalamika kwa kutu, likaanza kuzunguka, na upepo wake niliuhisi kwanza kwenye vidole vya mkono wa kulia.