Kiingereza cha Fundi Ogeto

Mwaka wa pili baada ya uhuru, Bwana Whitlock, afisa wa pamba wa Homa Bay, aliambiwa afunge virago arudi kwao Uingereza, na kiti chake akapewa karani wake, Javan Nyagaya. Javan alifurahi mpaka akanunua tai mpya. Kisha, kwa furaha ile ile, akawaalika Bwana Whitlock na mkewe nyumbani kwake kwa chai ya kuagana. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa maana Roseline, mke wa Javan, hakujua Kiingereza.

Tuseme alijua kidogo. Alikuwa amesoma kwa masista mpaka baba yake alipoona inatosha, akabaki na salamu za asubuhi, hesabu mpaka mia, na sala moja. Javan alijaribu kumwongezea jioni baada ya chakula, lakini alifundisha kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Siku moja Roseline aliinuka katikati ya somo akaenda kuosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

"Basi, nyar Kendu," Javan akasema, akimwita binti wa Kendu kama alivyozoea, "wewe utasema 'yes, madam' na 'no, madam', halafu utabasamu. Mengine niachie mimi."

Roseline alikuwa amezaliwa na mama aliyeuza samaki Kendu Bay kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya soko. Kuambiwa atabasamu tu nyumbani kwake mwenyewe kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake alipeleka kitambaa cha gauni kwa Ogeto, fundi wa nguo aliyekaa kwenye baraza ya duka la Mhindi pale sokoni. Ogeto alikuwa Mkisii mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipokuwa akimpima mabega, uzi wa cherehani ya jirani ulikatika, na Ogeto akasema, "Blaimi."

"Umesemaje, fundi?"

"Ni Kiingereza, mama. Maana yake ni 'jamani'."

"Wewe unajua Kiingereza?"

"Nilipikia askari Waingereza kule Burma, vita vizima," Ogeto akasema. "Kikosi kile chote kilitoka mahali pamoja, bandarini London. Tulilala nao, tukanyeshewa nao, tukakimbia nao."

Roseline akamweleza habari ya chai. Ogeto akavua miwani, akaifuta kwa shati lake, akafikiri.

"Kiingereza cha bwana wako nakijua," akasema. "Hicho ni suti, mtu huvaa kwenda ofisini. Lakini Mwingereza akifika nyumbani huvua suti. Mimi nina kile anachobaki nacho."

Wakapatana. Roseline angemletea nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na Ogeto angefundisha huku akishona. Ndiyo maana gauni lile lilichukua siku nyingi kuliko gauni lolote lililowahi kushonwa Homa Bay.

Mgeni akifika, Ogeto alisema, haambiwi kaa tu. Anaambiwa "hava pyuu", maana yake karibu kwenye benchi la kanisani. Roseline alilipenda hilo, akaona kumbe Waingereza ni watu wa dini. Chai waliiita "cha", kwa kuwa walikuwa wameikata mkia, na kikombe chake ni "kapa cha". Jambo likiwa limekamilika vizuri, husemwa, "Bobu ni mjomba wako."

"Bobu yupi?"

"Hata mimi niliwauliza. Hakuna aliyemjua."

"Mjomba wa watu wote, na hakuna anayemjua?" Kwao Roseline mjomba si mtu wa kutajwa ovyo.

"Ndiyo kwao ilivyo, mama. Na wakiagana husema 'tata'."

"Si kwenu Kisii tata ni baba?"

"Ni baba. Nami muda mrefu nilidhani wananipa heshima yangu. Kila jioni, 'Tata, Ogeto.' Nikawa nawaongezea nyama."

Siku ya mwisho, Roseline akauliza mtu akisema maneno mengi na chakula kinapoa, anaambiwaje kwa adabu. Ogeto akakumbuka kwamba kila alipoimba jikoni kwa muda mrefu, sajini alimwambia, "Puta soki init." Tia soksi ndani yake.

"Ndani ya nini?"

"Hakusema. Lakini nadhani ni kumwambia mtu umechoka, pumzika, joto lisikutoke. Soksi si ni kitu cha joto?"

"Na yapo mengine?"

"Yapo," Ogeto akasema, akakata uzi kwa meno. "Hayo tulikuwa tukimwambia nyumbu alipokataa kupanda mlima. Hutayahitaji."

Jumamosi ikafika. Javan alivaa tai tangu asubuhi. Roseline alikaanga mandazi, akatandika kitambaa cheupe, akavaa gauni lake jipya. Saa kumi gari la Bwana Whitlock likasimama mlangoni. Yeye alikuwa mtu mwekundu, mpana, mwenye sauti ya mkutano wa hadhara. Mkewe alikuwa mwembamba, amevaa glavu, na alizungumza kwa mdomo mdogo sana, kana kwamba midomo yake ina vidonda.

Javan akafungua kinywa kutoa salamu aliyoifanyia mazoezi. Roseline akamtangulia.

"Hava pyuu, madam," akasema, akaonyesha kiti.

Bibi Whitlock alisimama na glavu moja mkononi na nyingine angali ameivaa. Alimtazama Roseline. Kisha akakaa polepole.

Bwana Whitlock hakusikia, maana alikuwa ameshaanza. Alianza na pamba ya mwaka alipofika, akaja kwenye wadudu wa pamba, akapita kwenye mvua iliyokosekana, akarudi kwenye wadudu. Javan alitikisa kichwa kila baada ya sentensi. Roseline akamimina chai mpaka kikombe cha mwisho, akaweka birika chini, akawaambia wageni kwa utaratibu kwamba Bobu ni mjomba wao.

Javan akashtuka. Akainama, akamnong'oneza kwa Dholuo, "Bob en ng'a?" Bob ni nani?

"Ni mtu wa kwao," Roseline akanong'ona. "Kunywa chai."

Bibi Whitlock alikuwa amebana midomo mpaka ikapotea. Mabega yake yalitetemeka kidogo. Roseline akadhani anasikia baridi, akamhurumia. Na bwana yule mwekundu bado alikuwa kwenye wadudu, jasho linamtoka, mandazi mbele yake yamepoa. Basi Roseline akainama kwa heshima, kama alivyofundishwa na mama yake kumwinamia mgeni mkubwa, akamsogezea kikombe kwa mikono miwili.

"Puta soki init, sir," akasema kwa upole. "Kunywa kapa cha."

Wadudu wakakoma. Kuku wakasikika nje. Javan alijua Kiingereza cha vitabu tu, maneno yenyewe hakuyaelewa, lakini uso wa Bwana Whitlock aliuelewa. Aliona kazi yake ikitoka mlangoni na tai yake ikifuata nyuma.

Ndipo Bibi Whitlock akacheka. Hakucheka kwa ule mdomo mdogo. Alicheka kwa kinywa chote, akajipiga paja, machozi yakamtoka, akasema jambo refu kwa Kiingereza ambalo Javan hakuambulia hata neno moja. Mumewe akamwita jina lake kwa sauti ya kuonya. Mama yule akamjibu neno moja, na Bwana Whitlock akachukua kikombe, akanywa.

Bibi Whitlock akamgeukia Roseline kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Nani nafundisha wewe hii maneno?"

"Fundi wa nguo, madam. Ni mabaya?"

"Hapana mbaya. Ya soki maana yake nyamaza, lakini ni maneno ya kwetu. Mama yangu nasema hivi kila siku." Akavua glavu ya pili. "Yeye nauza samaki, pale bandari. Mimi nasaidia yeye, mtoto. Halafu naolewa, mama ya bwana nasema hapana, sema hivi, mdomo kidogo. Miaka mingi mimi nasema mdomo kidogo."

"Hata mama yangu aliuza samaki," Roseline akasema. "Kendu Bay."

"Nauza namna gani? Kwa mizani?"

"Kwa macho. Na kwa kelele."

"Hata sisi," Bibi Whitlock akasema, akachukua andazi la pili.

Kutoka hapo waume wao hawakuwa na kazi. Wanawake wawili walihamia jikoni na birika lao, wakaonyeshana jinsi ya kumjua samaki wa jana kwa jicho lake, na jinsi mteja anavyojifanya anaondoka. Sebuleni Bwana Whitlock alitazama dari. Kisha alimwambia Javan, kwa sauti ndogo ambayo Javan hakuwahi kuisikia ofisini, kwamba hakujua kama mkewe alikuwa bado anaikumbuka biashara ile.

"Mimi nilimwambia wangu atabasamu tu, bwana," Javan akasema.

"Ah," Bwana Whitlock akasema, akamsogezea sahani ya mandazi.

Jumatatu asubuhi Bibi Whitlock alirudi peke yake, bila glavu, wakashuka na Roseline ufukweni mitumbwi inapoleta samaki. Bibi Whitlock aligombania bei mpaka wavuvi wakaacha kupakua wakaja kusikiliza. Wakarudi na ngege watano wanono. Alipandisha mikono ya blauzi, akaomba kisu, akawaparua mwenyewe juu ya jiwe nyuma ya nyumba, magamba yakimrukia kwenye nywele.

Adhuhuri waume wakaitwa kula. Hapakuwa na kitambaa cheupe wala uma. Bwana Whitlock alikaa kwenye kigoda kilichokuwa kidogo kwake, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi kwa tahadhari. Alikula mgongo wa samaki, akala tumbo, kisha akasita mbele ya kichwa. Javan akalegeza tai, akashika kichwa cha samaki wake kwa vidole, akamwonyesha pa kuanzia.