Maluki Aoge Kwanza

Kabla fundi Nakhumicha hajafungua hata mkoba wake wa vyombo, Bridget alimwelezea namna watu wanavyooga katika ile ploti ya nyumba za kupanga huko Kimbo. Unavaa slipa za mpira. Unaingia, unasimama katikati, hugusi ukuta. Mfereji wa showa ya stima unaufungua kwa mwiko, na huo mwiko uwe mkavu. Ukimaliza unaufunga kwa mwiko huo huo, halafu unautundika kwenye msumari nyuma ya mlango ili ukauke kwa ajili ya kesho.

"Na mtu akisahau slipa?" Nakhumicha aliuliza.

"Anakumbushwa," Bridget alisema, bila kucheka.

Bridget alikuwa mshonaji wa nguo karibu na steji, mpangaji wa muda mrefu pale ghorofa ya kwanza. Hakumwita fundi kwa sababu ya bafu. Bafu alishalizoea. Alimwita kwa sababu mlango wake wa chuma nao ulikuwa umeanza kuuma kwa stima.

"Hapo ndio nikaona imezidi," alisema. "Mama Zahra hapa juu akiweka maharagwe kwa jiko lake la koili, mimi siwezi toka nyumba mpaka yaive. Na yeye hupenda maharagwe."

Nakhumicha alikuwa ametoka Kiganjo, Thika, kwa pikipiki yake mwenyewe. Kule walimjua kama fundi wa stima mwenye uso usioonyesha kitu. Hata akicheka, alicheka kwa ndani. Mwenye uso kama huo anaweza kufanya utundu mwingi kabla hajashukiwa, na Nakhumicha aliijua vizuri faida ya uso wake.

Aligusisha testa yake ya kupimia stima kwenye mfereji, kitaa chake kikawaka. Akagusisha kwenye mlango, kikawaka. Akatoka nje akagusisha kwenye grili ya veranda, kikawaka tena, na hapo akarudi nyuma hatua moja.

Katika nyumba iliyofanyiwa kazi ya maana kuna waya wa kijani uitwao earth. Kazi yake ni kuichukua stima inayovuja kutoka kwa koili au showa na kuiteremsha mpaka chini ardhini, ikapotelee huko. Nakhumicha aliutafuta huo waya. Aliupata ukitoka nyumba ya Bridget, ukikutana na wenzake wa nyumba zingine zote, wamefungwa pamoja kwa karatasi ya mkate mahali pa tepu. Kifungu hicho kilizungushwa kwenye grili, kikatambaa mpaka mwisho wa veranda, kikaingia ndani ya ndoo ya rangi. Ndoo ilijaa udongo. Katikati ya udongo kilisimama chuma kifupi, na kukizunguka chuma hicho ilikuwa imeota dhania nzuri sana.

"Hii ndoo ni ya nani?"

"Ni ya Maluki, fundi wa landlord. Alituambia tuimwagilie maji kila Jumamosi, ati ndio stima iwe safi." Bridget alifikiri kidogo. "Dhania ni yangu."

Nakhumicha alichuchumaa mbele ya ile ndoo kwa muda mrefu. Bridget alidhani anaichunguza. Kumbe alikuwa anangoja kicheko kishuke tumboni ndipo aweze kusema.

Mwenye ploti, Mzee Wainaina, aliishi Membley, si mbali, na alipopigiwa simu alikuja kwa gari lake pamoja na Maluki mwenyewe. Wainaina alikuwa mtu mkubwa wa sweta nzito, wa wale ambao wakishakuamini wamekuamini. Maluki alikuwa mwembamba, nadhifu, kofia imekaa upande, na kalamu zimejipanga kwenye mfuko wa shati kama za daktari.

"Madam, hii kazi nimeifanya tangu ukiwa nasari," Maluki alianza. "Hebu niambie, earth maana yake ni nini? Ni udongo. Na mimi nimeweka udongo. Sasa shida iko wapi?"

"Hicho chuma kinatakiwa kiende chini kwa ardhi, fundi."

"Hapa ni juu. Chini ni mbali."

Wainaina alitikisa kichwa kukubali. Maneno hayo yalimwingia vizuri.

"Watu wa ploti hawakosi lalamiko," alisema. "Wiki iliyopita ilikuwa ni maji, saa hii ni stima."

"Na ni kastima kadogo tu, mzee," Maluki aliongeza. "Ka kuchangamsha damu asubuhi."

Nakhumicha angeweza kueleza. Lakini alishaona mambo haya mara nyingi: angeeleza, Maluki angecheka, na mzee angemsadiki yule aliyemzoea. Kwa hiyo aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa.

"Pengine ni mimi nimekosea," alisema kwa upole. "Fundi Maluki aoge kwanza. Akitoka salama, naomba msamaha mbele ya kila mtu na narudi zangu Thika."

Kufikia hapo ngazi zilikuwa zimejaa watu. Mama Zahra alikuwa ameshuka na upawa mkononi. Bridget alileta taulo safi na sabuni mpya kabisa. Slipa hakuleta, wala mwiko. Nakhumicha alikuwa amemnong'oneza avifiche.

Maluki aliitazama taulo. Akasema ana homa. Mama Zahra akamwambia maji moto ni dawa ya homa. Akasema alioga asubuhi. Bridget akamjibu kwamba hakuna sheria ya kuoga mara moja. Akasema kwao mtu haogi kwa nyumba ya mama asiyemfahamu, na Bridget akajitolea kufahamiana naye hapo hapo: jina lake, kwao, na kanisa analosali. Watu kwenye ngazi walianza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Wainaina aliona haya kwa niaba ya fundi wake. "Maluki, si ni kuoga tu?"

"Mzee, mimi na maji moto hatupatani siku hizi."

"Basi leta hiyo taulo," Wainaina alisema. "Nitaoga mimi, hii maneno iishe."

Hilo Nakhumicha hakulitarajia. Lakini hakumzuia. Watu walipokuwa wakimpisha mzee aingie bafuni, yeye alishuka ngazi polepole, simu sikioni kama mtu anayeongea na mteja. Chini ya ngazi alizima swichi kubwa ya ploti nzima, akang'oa fyuzi, akaitia mfukoni, akarudi juu akasimama pale pale alipokuwa.

Ndani ya bafu alisikika Wainaina akifungua mkanda, akiguna, akitafuta pa kutundika suruali. Nje, Maluki alikuwa amevua kofia. Aliizungusha mikononi, akaivaa, akaivua tena.

"Mfereji ni gani, ni huu wa chini?" mzee aliuliza.

"Mzee, ngoja kidogo," Maluki alisema. "Wacha ikae."

"Ikae nini? Nasikia baridi. Nafungua."

Maluki aliurukia mlango, akaupiga kwa viganja vyote viwili. "Usiguse, mzee. Usiguse hiyo kitu, itakumaliza." Kisha akageuka, akapasua katikati ya watu, akateremka ngazi mbio hata kofia ikamwanguka. Walimsikia akiifikia swichi kubwa. Aliikuta imeshazimwa.

Alipopanda tena, alipanda kama mtu aliyebeba gunia. Alimtafuta Nakhumicha kwa macho. Nakhumicha alitoa fyuzi mfukoni, akaionyesha kwenye kiganja. Maluki akaketi kwenye ngazi.

Nakhumicha alikuwa ameungoja wakati huo kwa hamu, na sasa ulipofika haukuwa mtamu kama alivyofikiria. Alitaka Maluki aaibike, na alikuwa ameaibika. Lakini pia alikuwa amekimbia kumwokoa mzee. Angeweza kunyamaza, aseme baadaye kwamba stima ni kitu cha ajabu. Nakhumicha alienda akamwokotea kofia, akampa.

Sauti ya Wainaina ilitoka nyuma ya mlango, ya chini na ya pole sana. "Maluki. Itanimaliza namna gani?"

Maluki alisema yote, akiuambia mlango. Udongo wa murram wa Kimbo ni mgumu. Siku ile alikuwa na haraka, kulikuwa na harusi Machakos na gari lilikuwa linamngoja. Alikata chuma vipande, akaona ndoo, akasema atarudi. Halafu hakuna aliyelalamika, akasahau.

"Tulilalamika," Bridget alisema.

"Walilalamika," Maluki alikubali.

Kisha Wainaina akauliza, "Na nyumba yangu ya Membley?"

Maluki alianza tena kuizungusha kofia.

"Maluki, chuma ya kwangu iko wapi?"

"Kuna lile pipa la maua hapo kwa veranda, mzee."

"Lile la waridi?"

"Hilo hilo."

Mlango ulifunguka. Wainaina alitoka amejifunga taulo, soksi moja mguuni, akipekua mifuko ya suruali aliyoishika mkononi. Alipata simu, akampigia mkewe kwa sauti kubwa ya spika, maana hakujua kuiondoa.

"Mama Njau, usioge."

"Nimeshaoga," sauti ya mkewe ikajibu.

"Umeoga aje?"

"Na zile gambuti zako za shamba, kama kila siku. Kwani wewe huoga aje?"

Wainaina tangu utotoni alikuwa mtu wa kuogea kwenye karai, na showa ya nyumbani kwake alikuwa hajawahi kuifungua.

Mchana huo Nakhumicha alirudi Thika kununua vyuma virefu na waya wa maana. Aliporudi Kimbo alimkuta Maluki amevua shati, anachimba nyuma ya ploti, na mzee ameketi kwenye kiti cha Bridget akimhesabia kila pigo la jembe. Nakhumicha na Maluki walifanya kazi pamoja hadi jua lilipoanza kushuka. Maluki hakuwa mjinga; akionyeshwa jambo, mikono yake ililishika upesi. Chuma kilipigwa nyundo hadi kikabaki kichwa tu juu ya ardhi. Koili ya Mama Zahra ilitupwa, akanunuliwa nyingine. Testa ilipogusishwa kwenye mlango wa Bridget haikuwaka, wala kwenye mfereji, wala kwenye grili. Bridget alishika kitasa kwa mkono mtupu, akakiachilia, akakishika tena, akasema anahisi ajabu kukishika bila kuumwa.

Siku iliyofuata walikuwa Membley. Mama Njau alisimama juu ya Maluki kuhakikisha hakuna mzizi wa waridi unaokatwa, naye Maluki alichimbua kwa mikono kama anayetoa viazi.

"Fundi," Nakhumicha alimuuliza akiwa anakunja waya, "na nyumba gani nyingine ina ndoo?"

Maluki alifuta jasho. "Ndoo hakuna nyingine. Kuna karai moja tu."

"Kwa nani?"

Maluki alimtazama Wainaina, akatazama chini. "Kwa mkwe wa mzee. Kule Kiganjo."

Wainaina na huyo mkwe walikuwa hawajasalimiana tangu ugomvi wa mahari. Mzee alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Huyo angengoja kidogo," alisema. Kisha akakutana na macho ya mkewe, akaweka kikombe chini, akaingia ndani kutafuta funguo za gari.