Hajambo, Mheshimiwa

“Na yule mwanao, mama? Hajambo?”

Jaji aliuliza hivyo huku akivua miwani na kuipangusa kwa ncha ya joho lake, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani sokoni. Tulikuwa barazani, na mama alikuwa amerudi kizimbani, chini ya kiapo. Mpiga chapa aliacha vidole vyake juu ya vitufe. Wakili wa kiwanda, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitikisa mguu chini ya meza, aliacha kuutikisa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, na nakumbuka nilitazama dari, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumtazama yule mama.

Mwanawe ndiye aliyekuwa shauri lenyewe. Alikufa boila la kiwanda cha sabuni lilipopasuka, na sote tuliokuwa mle ndani tulikuwa mle kwa sababu ya kifo chake. Kiwanda kilisema alilichezea boila bila ruhusa. Mama yake alisema hapana, usiku wa kuamkia siku ile mwanawe alimwambia mezani kwamba boila linavuja, amemwarifu msimamizi, na msimamizi amemcheka. Yote hayo alikwisha kuyaeleza kwa jaji huyu huyu, kwa kiapo, katika kikao kilichotangulia. Alieleza pia jinsi alivyomtambua mwanawe kwa mkanda wa suruali, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeutoboa tundu la ziada kwa msumari wa moto. Jaji aliandika kila neno kwa mkono wake, na karani aliniambia kwamba siku ile aliandika huku machozi yakimlengalenga.

Mama alimtazama jaji. Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeamkiwa vizuri.

“Hajambo, Mheshimiwa,” akasema. “Anakusalimu.”

Mpiga chapa akaandika. Angefanya nini? Kazi yake ilikuwa kuandika kila linalosemwa.

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mshauri wa utumishi wa majaji na mabaraza, hudhani nilikuwa nawashauri majaji namna ya kuhukumu. Thubutu! Nilikuwa nawashauri namna ya kuomba likizo. Jaji naye ni mtumishi: anaumwa mgongo, anagombana na karani wake, anataka kiti kisicholia, anafiwa na mke na hajui ni siku ngapi anaruhusiwa kukaa nyumbani. Wanapovua joho wanakuja kwenye chumba changu cha pembeni, chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, na wanakaa kwenye kiti cha wageni wakiwa wadogo kuliko walivyoonekana kule juu. Waliniita Mama Likizo. Nilijifanya nachukia jina hilo.

Yeye tulimwita Jaji Taratibu, lakini si mbele yake. Shahidi yeyote aliyeanza kubabaika, akaanza kuchanganya tarehe na kupoteza pumzi, yeye aliweka kalamu chini na kusema, “Anza popote unapotaka. Taratibu.” Mawakili walikuwa wakikereka hadi basi, maana mashauri yake yalikwenda mwendo wa kinyonga. Lakini watu waliotoka kwenye chumba chake, hata walioshindwa, walitoka wakiwa wamesikilizwa, na hilo halikuwa jambo dogo katika jengo lile.

Aliyeniletea habari alikuwa karani wake. Alikuja asubuhi moja, akafunga mlango, akakataa kukaa. Akaanza kusema, akaacha, akaanza tena.

“Anasahau,” akasema mwishowe. “Si miwani. Miwani hata mimi nasahau. Anasahau nani ni nani.”

Kumbe karani alikuwa amembeba jaji kwa muda mrefu. Kila asubuhi, kabla ya kuingia barazani, walisimama pamoja nyuma ya mlango mdogo na karani akamnong’oneza kama mke anayemkumbusha mumewe majina ya wakwe: leo ni shauri la boila, aliyekufa ni kijana, wakili mrefu ni wa kiwanda, mfupi ni wa familia. Jaji akarudia kimya kimya, akaingia, na akaendesha kikao vizuri. Sheria haikumtoka. Vifungu vilimkaa kichwani vyote. Watu ndio waliokuwa wakimponyoka.

“Leo asubuhi nilikuwa nimeitwa masijala,” karani akasema baadaye, siku ya swali lile. “Nilichelewa kidogo tu, mama. Kidogo tu.” Akalia pale pale kwenye korido, mtu mzima mwenye wajukuu, akijifuta kwa kitambaa cha kupangusia meza ya baraza.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemweleza mkuu wa mahakama, naye ndiye aliyenituma nikakae benchi la nyuma. “Kaa kama mtu aliyeingia kukwepa jua,” aliniambia, “halafu uniambie ulichokiona.” Nilichokiona nimekwisha kukueleza.

Mchana ule nilimfuata jaji ofisini kwake. Alikuwa bado na joho, amekaa upande wa dirisha, mikono juu ya magoti. Hakunisubiri nianze.

“Mwanangu, nimemuuliza nini yule mama?”

Mimi si mwanawe, lakini aliniita hivyo tangu siku ya kwanza. Nikamwambia. Nilisema kwa maneno yale yale aliyoyatumia, bila kupunguza, kwa sababu alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alidai aambiwe kilichosemwa hasa.

Alivuta kola ya joho akajifunika uso. Nilimwacha. Nje, dereva alikuwa akiosha gari na kuimba, na nilitamani mtu amnyamazishe.

“Yeye alijibu nini?”

“Alisema hajambo. Alisema anakusalimu.”

“Chini ya kiapo.”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

Hapo ndipo nilipoona kwamba mwanasheria ndani yake alikuwa mzima kabisa. Uso ulitoka kwenye joho ukiwa mwingine. Jaji akiondoka shauri likiwa katikati, anayempokea anaweza kuendelea pale alipoachia, ikiwa pande zote mbili zitakubali maandishi ya mwenzake. Upande mmoja ukikataa, mashahidi huitwa upya, huapa upya, husema upya. Na ni wakili gani wa kiwanda atakayekubali ushahidi wa mama, wakati mwishoni pameandikwa kwamba marehemu hajambo na anasalimu?

“Watamkamatia hapo,” akasema. “Amenistiri mbele za watu, na mimi nimemtia mashakani. Nikiondoka, ataanza upya. Boila, chumba cha maiti, mkanda, yote. Niache nimalize shauri hili moja. Nimeandika kila alichosema. Sihitaji kukumbuka, nahitaji kusoma tu. Nisaidie, mwanangu. Likizo nyingine zote nimekuachia.”

Alijaribu kucheka. Mimi nilishindwa.

Nilimpenda mzee yule, na nilitaka kumkubalia. Ningeweza kwenda kwa mkuu nikasema ulikuwa uchovu, nikamwombea muda, nikamweka karani mlangoni kila siku bila kuitwa popote. Nililifikiria hilo nikiwa nimesimama mbele yake. Lakini nilimfikiria pia yule mama akipokea hukumu, na wakili wa kiwanda akikata rufaa kwa kusema jaji hakujua nani aliyekufa. Hukumu ile ingevunjwa asubuhi moja tu, naye angeanza upya vilevile, akiwa mzee zaidi.

“Mheshimiwa,” nikamwambia, “wewe ungekuwa jaji wa rufaa, ungeiacha isimame?”

Alisimama. Taratibu, kama kawaida yake. Kisha akavua joho, akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akanikabidhi mimi badala ya kulitundika.

“Niandikie hizo karatasi zenu za kustaafu kwa sababu ya afya,” akasema. “Nitatia sahihi kabla sijasahau kwa nini.”

Nilifanya lililokuwa sawa, na kama angerudi leo ningelifanya tena. Hata hivyo nilipofika kwenye chumba changu nilifunga mlango nikalia kama mtoto, joho la mtu likiwa mapajani mwangu.

Nilimtembelea mara moja baada ya hapo, nikimpelekea vitabu vyake. Binti yake alinifungulia, akaniambia kwa sauti ya chini nisishangae. Jaji alikuwa kwenye kiti cha uani, amenyolewa vizuri, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Aliniangalia kwa heshima kubwa, na nikajua hanijui. Alidhani nimeitwa mbele yake kama shahidi. Akainama mbele, akaweka chini kikombe chake kama alivyokuwa akiweka kalamu.

“Anza popote unapotaka, mama,” akasema. “Taratibu.”

Basi nikaanza. Nilimweleza habari za mama yangu mzazi na ugonjwa wake wa mwisho, mambo ambayo hata mume wangu sikuwahi kumwambia, na yeye akasikiliza yote, akitikisa kichwa pale pa kutikisa, bila kunikatiza. Nilipoaga alinishukuru kwa kufika. Binti yake alinisindikiza hadi barabarani.

Wakili wa kiwanda alikataa maandishi, kama ilivyotarajiwa. Shauri likaanza upya mbele ya jaji mwingine, mwanamama mkali kidogo lakini mwenye haki. Mama wa kijana alishinda mwishoni, niseme mapema ili usikae roho juu. Lakini siku ninayoikumbuka mimi si ya hukumu, ni ile aliyopanda kizimbani mara ya pili.

Sikuwa na kazi yoyote mle ndani. Nilienda nikakaa benchi langu la nyuma, na karani, ambaye sasa alimtumikia jaji mpya, akaja akakaa karibu yangu kwa dakika chache. Mama alieleza tena. Boila linavuja, msimamizi amecheka. Chumba cha maiti. Mkanda, tundu, msumari. Alisema kwa sauti kavu, bila machozi, na maneno yalikuwa yamechakaa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno. Mara ya kwanza alikuwa akimweleza mtu. Safari hii alikuwa akijaza pengo katika faili.

Kisha wakili wa kiwanda akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi yake, na aliifanya akitazama karatasi kuliko kumtazama mama.

“Katika kikao cha awali uliulizwa kama mwanao hajambo. Ulijibu nini?”

“Nilijibu hajambo.”

“Ulikuwa umeapa?”

“Nilikuwa nimeapa.”

“Ilikuwa kweli?”

“Hapana, baba. Haikuwa kweli.”

“Basi lieleze baraza kwa nini uliusema uongo huo.”

Sote tulidhani tunajua. Mimi nilikuwa nimekwisha kumjibia moyoni: alimwonea huruma mzee wa watu, hakutaka aaibike. Hata jaji mwenyewe aliamini hivyo, na aliondoka na imani hiyo.

Mama alishika ukingo wa kizimba.

“Tangu nimzike mwanangu,” akasema, “kila mtu ananiuliza alikufaje. Polisi, kiwanda, wewe, hata majirani zangu. Saa ngapi, wapi, alivaa nini. Hakuna anayeniuliza habari zake yeye. Watu wanaogopa hata kulitaja jina lake mbele yangu. Yule mzee ndiye peke yake aliyeniuliza hajambo. Kwa uso mkunjufu, kama anamfahamu. Nikasema acha na mimi nijibu, walau mara moja, kama wanavyojibu wazazi wengine.”

Wakili alikusanya karatasi zake akakaa. Jaji mpya akaangalia chini, akamwambia mpiga chapa aandike, kisha akasema tupumzike kidogo.

Nilimkuta mama kwenye benchi la korido, chini ya ubao wa orodha ya mashauri, mkoba wake ukiwa kando yake. Watu walipita wakimkwepa kwa adabu. Mimi kwa kawaida nina la kusema kwa kila mtu: kuna fomu, kuna kanuni, kuna siku unazostahili. Kwake sikuwa na lolote. Nilisimama pale nikiwa nimeshika funguo zangu.

“Mama,” nikasema, “mwanao alikuwa mtu wa namna gani?”

Aliniangalia, tena akaniangalia vizuri, kuona kama nimetumwa. Halafu akauchukua mkoba akauweka mapajani ili nipate nafasi.

“Ni habari ndefu,” akasema. “Nianzie wapi?”

Nikakaa.

“Anza popote unapotaka, mama. Taratibu.”