Gari Lililobaki Kazini

Jumatatu saa tatu asubuhi Nyangwine aliingia ofisi ya bima mjini Tarime akiwa na kadi ya gari, leseni, na shati alilolipiga pasi mwenyewe. Gari lake, Probox nyeupe, halikuwahi kugonga hata kuku. Alitaka bima kabla ya Alhamisi, siku ya kumpeleka mama yake kupasuliwa macho.

Efrazia, karani, alimuuliza anafanya kazi gani.

"Sina kazi," alisema. Mkataba wake mgodini uliisha mwezi wa tatu. Tangu hapo alilima ekari mbili za mahindi na moja ya mihogo, mgongo ukimuuma kila jioni, lakini kwao Kewanja mtu haandiki kulima kwenye fomu. Kulima ni kuishi tu.

Efrazia akabonyeza kompyuta. Bima ikapanda karibu mara mbili.

"Dada, gari si lile lile?"

"Ni lile lile, kaka. Wewe ndiye uliyebadilika."

"Lakini siku hizi linashinda nyumbani. Litamgonga nani?"

Efrazia alikiri kuwa hilo hata yeye halielewi. Nyangwine akaondoka bila bima.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri gari liliwaka lenyewe, likarudi nyuma taratibu, likawapisha mbuzi wa jirani, likaenda mgodini. Nyangwine alilifuata kwa miguu. Alilikuta getini kwenye foleni ya zamu ya asubuhi, taa zimezimwa, likingoja kama wenzake.

"Nikolaus, linafanya kazi gani humo?" alimuuliza mlinzi.

"Sijui, mura. Ila halichelewi. Wewe ulikuwa unachelewa."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma.

Jumatano alirudi kwa Efrazia na kumweleza. Efrazia alipiga simu getini, akathibitishiwa, akabonyeza tena. Bima ikashuka chini hata ya ile ya zamani.

"Tumeikata kwa jina la gari," alisema. "Lenyewe ni mwajiriwa. Wewe saini hapa, kwenye ndugu wa karibu."

Nyangwine alisaini. Alitaka kufurahi, ila hakujua aanzie wapi.

Alhamisi mama yake alivaa kitenge kipya, akakaa mlangoni. Gari lilikuwa limeshaenda zamu. Nyangwine alikimbia hadi getini kuliomba.

"Ruhusa inaombwa siku tatu kabla," alisema Nikolaus kwa huruma. "Na anaomba mfanyakazi mwenyewe."

Basi akarudi nyumbani, wakapanda bodaboda, mama katikati, vumbi likimwingia kwenye macho yale yale mabovu.

"Gari letu liko wapi?" aliuliza.

"Liko kazini, mama."

Mama alifuta vumbi machoni kwa ncha ya kitenge.

"Tumshukuru Mungu," alisema. "Nilikuwa naona aibu kanisani, nyumba nzima hakuna mwenye kazi."