Kisanduku cha Kijani

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Profesa. Hajafundisha popote, ni mdomo tu. Aliponunua kamera, kitabu chake cha maelezo alikikunja akakiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na hiyo ndiyo faida pekee aliyowahi kuipata kwacho.

Siku ile Bibi mdogo alikuwa anahamia kwa mwanawe, mbali, na kwa miguu yake ile iliyovimba sote tulijua harudi. Bibi, dada yake mkubwa, aliomba kitu kimoja: picha yao wawili. Hawakuwa nayo hata moja. Nikatoa simu.

"Rudisha mfukoni," Profesa akaniambia. "Hapa kuna kamera."

Wazee wakakaa kitandani. Ukutani nyuma yao ilining'inia picha ya Profesa mwenyewe, kashika kidevu, aliyomzawadia Bibi bila kuombwa.

Akachungulia skrini ya nyuma. Kamera ile unaweza kuiambia ifuate kinachotembea, au ukaweka mwenyewe kisanduku cha kulengea pale unapotaka, au ukaiachia itafute nyuso yenyewe. Profesa alijua hiyo ya mwisho, maana haihitaji kufikiri.

Sasa, wale wazee hawakuitazama kamera. Walitazamana, paji kwa paji, wakinong'onezana. Kisanduku kikahangaika kwenye mashavu yao, kikakosa uso ulioelekea mbele, kikapanda ukutani. Kikatua kwenye uso wa Profesa, kikawa kijani, yaani kimeshalenga.

"Shemeji, kimekwenda kwenye picha yako. Kirudishe kwa wazee, gusa skrini tu."

"Hii mashine ina akili kukushinda. Mwenye macho haambiwi tazama."

Akabonyeza, akabonyeza tena, akasema safi. Nje teksi ikapiga honi. Bibi mdogo akaondoka huku akilia, na mimi nikabaki na simu mfukoni kama mjinga.

Wiki iliyofuata Profesa alirudi na picha ndani ya fremu. "Oneni ilivyo kali!"

Kali ilikuwa kweli. Masharubu yake ukutani ungeyahesabu moja moja. Mbele yake palikuwa na mawingu mawili yenye mitandio.

Bibi akaisogeza karibu na macho, kisha mbali.

"Mwanga wa chumba ulikuwa hafifu, Bibi," Profesa akasema.

"Kwako mbona ulitosha?"

Bibi akapitisha kidole juu ya kioo, kutoka wingu hili hadi lile.

"Haya, nionyesheni basi," akasema. "Mdogo wangu ni yupi?"