Mpira wa Leso za Mwanarusi

Twaiba aliushona ule mpira Ijumaa asubuhi, baada ya kuosha vyombo, ili mjukuu wake Husna, aliyekuwa ameanza kutambaa, apate kitu cha kukifuata. Alichukua leso mbili za marehemu mamake, Mwanarusi, akakata vipande vyembamba nchani na vipana katikati, kama ganda la chungwa lililomenywa. Akaviunganisha, akaacha tundu la kupita vidole viwili, akageuza nje kuwa ndani na kushindilia matambara ya fulana kuukuu ya mumewe, Chirau. Tundu akalifunga kwa uzi mweusi, kwani mweupe ulikuwa umekwisha.

Husna akausukuma. Mpira ukavuka ua, ukashika njia ya Bodo, ukapanda mlima.

"Umekwenda wapi?" akauliza Chirau.

"Juu," akajibu Twaiba, akatafuta viatu vyake.

Aliukuta kwenye lango la hoteli, ukigonga chuma polepole kama mtu anayebisha hodi. Mlinzi, Gerishom, mtu wa bara, akaufungulia. Mpira ukakata majani, ukapita baina ya viti vya wageni, ukaingia katika bwawa la kuogelea. Haukuzama wala haukulowa. Ulitulia mahali pamoja, na wageni wakaogelea kwa kuuzunguka.

Twaiba, aliyesimama langoni, aliketi chini. Kabla ya hoteli na ukuta wake kujengwa, hapo palikuwa na makaburi, na pale penye bwawa ndipo alipokuwa akisimama kumsomea mamake Fatiha. Baadaye meneja aliwaambia wenye makaburi kwamba maiti zao zimehamishiwa nyuma ya jiko la hoteli, chini ya maua, kwa heshima zote. Miaka yote hiyo Twaiba alikuwa akielekeza dua zake jikoni.

"Mamangu yumo chini ya maji," akamwambia Gerishom.

Gerishom akavua kofia. "Pole sana, mama. Hapo ndipo watoto wa wageni hurukia majini."

Magharibi mpira ulirudi wenyewe, mkavu, ukinukia asumini. Husna akaulalia.

Tangu hapo ulikwenda kila alasiri. Watu waliupisha njiani, na wazee wengine waliusalimu. Jirani wa Twaiba, Biasha, akaja na kanzu ya babu yake, iliyokunjwa vizuri.

"Nishonee na mimi, dada. Nataka kujua babu wamemwacha wapi."

Mpira wa kanzu ulikwenda moja kwa moja hadi baa, ukatulia chini ya kaunta ya pombe. Biasha alilia sana. Babu yake alikuwa mwadhini.

Wanawake hao wawili wakaenda kwa meneja, Chirau akiwasindikiza. Meneja aliwakaribisha sharubati ya ukwaju, akawasikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba jambo hilo halifai kupuuzwa. Wiki iliyofuata fundi alikuja akatoboa ukuta chini, karibu na lango. Alitoboa duara safi, akalipiga lipu na kulipaka rangi nyeupe.

Alasiri hiyo Twaiba alivaa buibui lake jipya, akafuatana na mpira.

"Hujambo, mwanangu? Nifungulie leo niingie nimsomee mamangu. Sitakawia."

Gerishom alitazama viatu vyake mwenyewe. "Ruhusa niliyopewa ni ya mipira tu, mama."

 Twaiba alipiga magoti kwenye mchanga, akasogeza uso karibu na lile duara, akainua viganja. Mpira ukapita kando ya kiwiko chake, ukaingia, naye akaanza kusoma.